Kutoka Hongo ya Ugogo Hadi Ushuru wa Halmashauri: Nani Alipie Njia na Kisima?

 

Katika mkoa wetu wa Singida, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, lipo suala ambalo maimamu huulizwa mara kwa mara, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Muislamu ameajiriwa na halmashauri kukusanya ushuru katika kizuizi cha mazao au mnadani. Anaswali jamaa, anafunga, na pengine ametoa mifuko ya saruji kwa ajili ya msikiti. Je, kipato chake ni halali? Na ile saruji ipokelewe? Wapo wanaosema hapana, na hoja yao ni zile Hadithi zilizopokewa kuhusu mwenye kutoza maks, na makemeo makali yaliyomo ndani yake. Wapo wengine wanaosema mambo ya halmashauri ni ya serikali, dini haimo. Sisi tunaona kwamba hao wa kwanza wamesoma Hadithi bila ya kusoma historia, na hao wa pili hawakusoma chochote.

Tumekusudia katika makala haya kueleza kwanza namna watu wa ardhi hii walivyotozwa kwa ajili ya njia na maji tangu zama za misafara, kisha tuangalie wanachuoni walisema nini suala la namna hii lilipowafikia, ndipo turudi kwa yule ndugu yetu wa kizuizini. Msomaji atuvumilie, kwani njia yenyewe ni ndefu.

Maji ya Ugogo

Kabla ya kuja Wajerumani, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa ikipita Ugogo. Mbele ya Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali, pori kame lililoenea katika sehemu kubwa ya wilaya ya Manyoni ya leo. Aliyeingia pori hilo bila ya chakula na maji alikuwa anaitafuta mauti yake. Kwa hiyo Ugogo haikuwa mahali pa kupita tu. Ilikuwa ghala na kisima cha mwisho kwa anayekwenda magharibi, na cha kwanza kwa anayerudi.

Watemi wa Wagogo waliielewa vizuri nafasi yao. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, na wakati mwingine zaidi ya elfu. Wote hao wanakunywa katika visima vilivyochimbwa na wenyeji kwenye mchanga wa mito mikavu, wanamaliza nafaka ya vijiji, na punda wao wanakula malisho ambayo ng'ombe wa mwenyeji atayahitaji kabla ya mvua. Ndiyo maana kila mtemi alidai hongo, ikalipwa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa waya wa shaba. Mazungumzo juu ya kiasi yaliweza kuchukua siku kadhaa, na msafara haukuondoka mpaka yaishe. Burton na Speke waliopita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wamelalamika sana juu ya hongo hizi. Wafanyabiashara wa pwani nao walinung'unika, lakini waliilipa na kuihesabu katika gharama za safari.

Wazungu waliiita unyang'anyi. Tukiipima kwa mizani ya fiqhi, tunaona kwamba ndani ya hongo moja mlichanganyika vitu viwili. Sehemu yake ilikuwa fidia na ujira. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Lakini wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamebainisha kuwa maji yaliyokwisha kutekwa na kuwekwa chomboni ni mali ya aliyeyateka, na anaweza kuyauza. Kazi ya kuchimba, kuchota na kulinda kisima ina thamani yake. Msafara wa watu mia tano unaokausha kisima kwa siku tatu unamuachia mwenyeji hasara ya kweli, na si dhulma kumtaka aifidie.

Sehemu ya pili ya hongo haikuwa na kisima wala ulinzi. Ilikuwa ni bei ya kutoshambuliwa, na kiasi chake kilipanda kwa kadiri mlipaji alivyoonekana mnyonge au tajiri, si kwa kadiri alivyotumia. Hii ndiyo maks yenyewe, hata kama mtozaji hakuwahi kulisikia neno hilo la Kiarabu.

Na neno hongo lina mkasa wake. Leo Mswahili akisema hongo hafikirii kisima cha Ugogo. Anafikiria noti inayopita chini ya meza. Ile maana ya fidia imekufa, imebaki ile ya dhulma. Lugha imefanya kazi ya mufti kabla ya mufti mwenyewe kuulizwa.

Rupia tatu

Utawala wa Kijerumani ulipokita mizizi, hongo za watemi zilikoma, na mahali pake ikaja kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897. Mashambani kila nyumba ilitakiwa kulipa rupia 3. Asiyekuwa na rupia alitakiwa azitafute, na namna ya kuzitafuta ilikuwa ni kwenda kufanya kazi kwa Mjerumani. Kodi hiyo haikuletwa kwa ajili ya kujaza hazina peke yake. Ililetwa pia ili kumtoa mtu shambani kwake na kumpeleka kwenye kazi ya wengine. Njia zilizopanuliwa zilipanuliwa kwa nguvu za watu hao hao waliolipa. Watu wa Singida hawakukaa kimya juu ya utawala huo, na Bibi Liti wa Unyaturu, anayekumbukwa kwa kupambana na Wajerumani, jina lake limewekwa kwenye uwanja wa mpira wa Singida mjini.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni, na misafara ya miguu ikaisha. Huko Iramba, dhahabu iligunduliwa Sekenke mwaka 1909. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana Wajerumani, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora na mwaka 1916 ikafuliwa sarafu za rupia 15. Sarafu hizo leo zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale duniani kote. Hapakuwa na sheria yoyote iliyosema kwamba sehemu ya dhahabu ile irudi Iramba ikawe kisima au daraja.

Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kisha mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ikaja sheria ya mamlaka za wenyeji, na pamoja nayo hazina za wenyeji ambazo zilibakiziwa sehemu ya kodi iliyokusanywa katika eneo lao. Kwa mara ya kwanza fedha kidogo ya kodi ilibaki karibu na aliyeilipa. Hata hivyo sehemu kubwa ilikwenda katika mishahara ya watemi, makarani na mahakama, na iliyobaki kwa ajili ya barabara na maji ilikuwa chache.

Ukuta wa Andalus

Tuache Singida kwa muda, twende Granada katika karne ya nane ya Hijra. Dola ya Kiislamu ya Andalus wakati huo ilikuwa imebanwa na wafalme wa Kikristo, na kuta za miji zilihitaji kujengwa na kukarabatiwa. Hazina ilikuwa haitoshi. Likaulizwa suala: je, inajuzu kuwatoza wakazi fedha kwa ajili ya ujenzi wa ukuta?

Sheikh Abu Said ibn Lubb, mufti mkubwa wa Granada, alijibu kuwa haijuzu. Mwanafunzi wake, Imam Abu Ishaq al-Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijra sawa na 1388, akatoa fatwa kuwa inajuzu. Mwalimu na mwanafunzi, madhehebu moja ya Maliki, mji mmoja, ukuta mmoja, na fatwa mbili. Habari hii imehifadhiwa na mwanachuoni wa Kiafrika, Ahmad Baba wa Timbuktu, katika kitabu chake cha wasifu wa wanachuoni wa Kimaliki. Tunaitaja kwa sababu wapo vijana wetu wanaodhani kwamba kuhitilafiana katika jambo kama hili ni dalili ya udhaifu wa imani ya mmoja wao.

Hoja ya Ibn Lubb haikuwa nyepesi. Mali ya Muislamu ni haramu kuchukuliwa ila kwa ridhaa yake, na Qur'ani katika Sura ya pili, aya ya 188, imekataza watu kuliana mali zao kwa batili. Mlango wa kutoza ukifunguliwa kwa ajili ya ukuta, nani atakayeufunga ukuta ukishakwisha? Mwenye kuijua historia ya watawala hawezi kuidharau khofu hiyo.

Al-Shatibi naye aliegemea maslaha, na alikuwa na watu mbele yake. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijra (1111), alikuwa amekwisha kueleza kwamba hazina ikiwa tupu na askari wanaolinda mipaka hawana chakula, Imamu anaweza kuwawekea matajiri kiasi cha kutoa mpaka haja iishe. Mwalimu wa al-Ghazali, Imam al-Haramayn al-Juwayni, alikuwa na maneno kama hayo. Wote wawili ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu. Sharti lao halikuwa la mapambo: hazina iwe kweli haina kitu, na kinachotozwa kisizidi haja.

Na kabla ya wote hao, jambo lenyewe limo katika Suratul-Kahf ambayo tunaisoma kila Ijumaa, na pengine tunaipita bila ya kusimama. Watu walioishi kati ya milima miwili walimwendea Dhul-Qarnayn wakamwambia kuwa wako tayari kumlipa malipo ili awajengee kizuizi baina yao na Juju na Majuju. Angalia alivyofanya. Fedha yao hakuichukua, kwa kuwa alichonacho kilimtosha. Alitaka nguvu zao na vipande vya chuma. Imam al-Qurtubi (aliyefariki 671 Hijra) katika tafsiri yake anatoa hapa hukumu, na Ibn al-Arabi wa Seville alikuwa amekwisha kuitaja kabla yake: mtawala ana wajibu wa kuwalinda watu na kutengeneza mipaka yao kwa mali ya hazina. Ikimalizika, ndipo anaweza kuchukua katika mali zao, na hapo asijipendelee yeye nafsi yake, aanze na wenye shida zaidi, na agawe kwa uadilifu. Kisha wanataja kanuni ambayo tungependa iandikwe katika kila ofisi ya mtendaji wa kata: mali hiyo ichukuliwe kwa uwazi na sio kwa siri, itumike kwa uadilifu na sio kwa upendeleo, na iwe kwa rai ya jamaa na sio kwa mtu mmoja kujiamulia.

Wapo waliokuwa wakali zaidi. Mwaka 658 Hijra (1260) Watatari walipokuwa wanakuja Misri, Qutuz alitaka kuwatoza watu gharama za jihadi. Sheikh Izzuddin ibn Abdis-Salam akamwambia kuwa si halali mpaka hazina iishe na makamanda watoe kwanza mapambo yao ya dhahabu, wabaki sawa na raia. Baada yake Imam an-Nawawi alimkatalia Sultani Baybars fatwa ya namna hiyo kwa hoja hiyo hiyo, kwa kuwa watumwa na wajakazi wa Sultani walikuwa wamejaa dhahabu. Huyu ndiye yule yule ambaye katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu, amehesabu kuwaondolea Waislamu madhara, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, kuwa ni faradhi ya kutoshelezana pale zaka na hazina zisipotosha. Wajibu ameuthibitisha kitabuni. Fatwa kwa mtawala anayeishi katika israfu ameikataa.

Na kuhusu maji hasa, al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijra) katika mlango wa hisba anasema mji ukiharibikiwa maji yake au ukuta wake, matengenezo ni juu ya hazina. Hazina ikiwa haina kitu, wajibu unawaelekea wenye uwezo katika mji wote kwa pamoja, bila ya kumchagua mmoja wao na kumbebesha peke yake.

Kodi ya kichwa na kufutwa kwake

Tukirudi nyumbani, baada ya Uhuru halmashauri ziliendelea kutoza kodi zao, na mwaka 1963 Singida ikawa mkoa kamili. Kodi ya mitaa ikafutwa mwaka 1969, na halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa mwaka 1972, shughuli zake zikachukuliwa na serikali kuu. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi mwaka 1984, na sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka huo huo wa 1982 ndiyo iliyobeba tozo nyingi tunazozijua leo.

Kati ya tozo hizo iliyochukiwa zaidi ilikuwa kodi ya maendeleo. Mtu mzima alitakiwa kuilipa kiasi kile kile awe na ng'ombe mia au asiwe na kuku. Mgambo waliweka vizuizi njiani, wakaingia magulioni, wanaume wakalala porini kukwepa msako. Mwaka 1998 huko Arumeru wananchi waligoma hadharani kuilipa, na mgomo ule ukaitikisa halmashauri. Watafiti walioandika juu ya halmashauri za Kibaha na Kilosa miaka ya 1990 walieleza jambo moja ambalo Ibn Lubb asingelishangaa: watu walikwepa kwa sababu hawakuona kinachofanywa na fedha yao. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na tozo nyingine nyingi zilizoitwa kero.

Tunaona kodi ile ilikuwa na dosari za kisheria zilizo wazi. Ilimtoza fakiri sawa na tajiri, na wanachuoni wote tuliowataja walipojuzisha kutoza walizungumzia wenye uwezo. Tena iliitwa ya maendeleo bila ya kufungamanishwa na maendeleo yoyote maalumu. Al-Shatibi alizungumzia ukuta ambao kila mtu anaweza kwenda kuugusa.

Gunia na kizuizi

Ushuru wa mazao ni jambo jingine. Singida ni mkoa wa alizeti na vitunguu, na malori yanayopakia katika soko la Misuna mjini hupeleka vitunguu mbali. Malori hayo yanaharibu barabara, na soko linahitaji maji, vyoo na taa. Anayetumia na kuchakaza achangie. Hapa asili ya kutoza inaeleweka, na inafanana na ile sehemu halali ya hongo. Wanachuoni wa Kihanafi wana mlango mzuri juu ya hili, wanaita nawaib, na mfano wao wa nawaib ya haki ni kuchimba mfereji wa pamoja na ujira wa mlinzi wa mtaa. Imam al-Marghinani katika al-Hidaya anajuzisha hata mtu kumdhamini mwenziwe katika deni hilo.

Dhulma iliingia katika namna ya kukusanya. Kwanza, mzigo mmoja ulitozwa zaidi ya mara moja ulipovuka mipaka ya wilaya. Hili nalo lina hukumu ya zamani. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) ndiye aliyeweka ushuru wa mipakani kwa wafanyabiashara, nao ulikuwa robo ya ushuri kwa Waislamu, nusu ya ushuri kwa ahli dhimma, na ushuri kamili kwa wafanyabiashara wa nchi zenye vita kama wao walivyowatoza Waislamu. Abu Yusuf anasimulia katika Kitab al-Kharaj kwamba Mkristo wa kabila la Taghlib alipita kwa mkusanyaji Ziyad bin Hudayr na farasi wa thamani ya elfu 20, akatozwa elfu moja. Aliporudi katika mwaka ule ule, Ziyad akataka kumtoza tena. Mtu yule akafunga safari hadi kwa Umar, akamkuta Makka, akamweleza. Umar hakumjibu zaidi ya neno moja la kumtoshelezea. Akarudi akidhani amepuuzwa, akakuta barua ya Umar imemtangulia: aliyekwisha kutozwa asitozwe tena mpaka mwaka utimie. Yule bwana hakuwa Muislamu, na alipata haki yake kwa Amirul-Muuminina kabla ya farasi wake kupumzika.

Sheria yetu ilifika karibu na hapo mwaka 2017, pale ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima mwenye magunia matano juu ya pikipiki ya miguu mitatu akaweza kupita. Lakini gunia la lumbesa bado linasumbua: linahesabiwa gunia moja kizuizini na moja sokoni, na mkulima anapunjwa na mnunuzi. Kipimo kisichokuwa sahihi kinaharibu hata tozo iliyo sahihi, na Suratul-Mutaffifin haikuteremshwa kwa ajili ya wauza duka peke yao.

La pili ni wazabuni. Tangu miaka ya 1990 halmashauri nyingi nchini zilikabidhi ukusanyaji wa ushuru wa masoko na mazao kwa mawakala binafsi, wanaoahidi kiasi maalumu kwa mwezi na kubaki na kinachozidi. Baadhi ya wasomaji watadhani huu ni ubunifu wa siku hizi. Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijra (798), alimuonya Khalifa Harun al-Rashid juu ya jambo hili hasa, yaani kumpa mtu kodi ya eneo kwa kiasi cha kukatiana. Alieleza kwamba mtu huyo hatajali uharibifu wa watu maadamu anapata faida juu ya alichoahidi, na atawabebesha wasichokiweza. Tunaikubali rai hii bila ya kusita. Mwajiriwa wa halmashauri mwenye mashine ya stakabadhi anaweza kuiba, naye ni mwizi. Mzabuni wa namna ile anaweza kudhulumu na asihesabiwe kuwa ameiba chochote.

Misafara mipya

Katika miaka ya karibuni misafara imerudi Singida kwa sura nyingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, njia yake inapita mkoani kwetu. Reli mpya inapita Manyoni. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Ikungi ulianza uzalishaji mwaka 2023. Kampuni kubwa inapoingia kijijini huleta malori, wafanyakazi wageni, mahitaji ya maji na wanafunzi wapya darasani, kama ulivyokuwa msafara wa watu mia tano kisimani.

Sheria imeweka njia kadhaa. Mrabaha wa dhahabu, uliopandishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6, huenda hazina kuu. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, huenda halmashauri. Na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Huu wa tatu ndio ulio karibu zaidi na fidia ya kisima, na ndio ambao maimamu hawana habari nao, kwa kuwa mikutano yake wanahudhuria wengine.

Wamarekani wana tozo ya namna hii kwa anayejenga: kabla ya kupewa kibali analipa sehemu ya gharama ya barabara, maji au shule ambayo jengo lake litaongeza. Mahakama yao ya juu kabisa, katika kesi za mwaka 1987 na 1994, iliweka kwamba anachotakiwa mjenzi lazima kihusiane na athari ya ujenzi wake na kilingane nayo kwa kadiri. Mwaka 2024 ikaamua kesi ya bwana mmoja wa California aliyetakiwa alipe dola 23,420 za barabara ili aweke nyumba ndogo katika kiwanja chake. Majaji wote walikubaliana kuwa tozo haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imewekwa na baraza la kutunga sheria na si na afisa mmoja. Hatusemi kwamba hukumu ya mahakama hiyo ni dalili kwetu. Tunasema Mmarekani alifika kwa njia yake mahali ambapo al-Mawardi alikuwa amekwisha kufika, kwamba mtu mmoja hachaguliwi akabebeshwa mzigo wa mji.

Kwetu hapa jambo la karibu nalo lilikuwa mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002, ambapo bei ya kiwanja ilibeba gharama za kupima, fidia kwa wenye ardhi na barabara za mitaa. Ubaya wake unajulikana: bei iliwashinda wenye kipato cha chini. Manispaa ya Singida inapopanuka na viwanja kupimwa, jambo hili litarudi, na misikiti itakuwa miongoni mwa wanaonunua.

Ndugu yetu wa kizuizini

Sasa tumrudie mkusanyaji. Imam an-Nawawi amesema katika sherehe ya Sahih Muslim kwamba maks ni katika madhambi mabaya kabisa, kwa sababu ya wingi wa madai ya watu na dhulma kujirudia. Hatupunguzi neno katika hilo. Lakini maks anayoikemea ni ile inayochukuliwa bila ya haki na kutumika pasipo haki. Tozo inayotozwa kwa sheria iliyotangazwa, kwa mwenye uwezo, mara moja, kwa stakabadhi, na ikarudi kuwa barabara na maji, wanachuoni tuliowataja hawakuiweka hapo.

Na kama tozo yenyewe ina kasoro? Ibn Taymiyya ameandika risala juu ya dhulma za pamoja, na anaona kwamba anayeingia katika kugawanya mzigo uliolazimishwa kwa nia ya kuupunguza na kuuweka kwa usawa, huyo ni kama wakili wa waliodhulumiwa, na si sawa na anayemsaidia dhalimu. Wahanafi nao wanasema anayezigawa nawaib kwa uadilifu ana ujira, hata pale asili ya utozaji inapokuwa na dhulma. Kwa hiyo mkusanyaji asiyepokea nje ya stakabadhi, asiyemzuia mwanamke mwenye ndoo mbili za vitunguu, na asiyekubali kutoza mara mbili, mshahara wake hatuoni sababu ya kuuharamisha, na saruji yake ipokelewe. Yule anayechukua ya mfukoni, hiyo ni hongo kwa maana yake ya leo, na toba yake haitimii mpaka arudishe kwa wenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo wafanyabiashara wetu hulikosea. Wapo wanaonuia zaka katika ushuru wanaolipa, wakadhani wamemaliza. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ni tegemeo katika madhehebu yetu, ameikataa dhana hii waziwazi katika az-Zawajir. Halmashauri haikusanyi kwa niaba ya wale makundi manane, na haiwapelekei. Mwenye ghala la alizeti aliyelipa ushuru wake wote bado anadaiwa zaka ya biashara yake mwaka unapotimia, na mchimbaji mdogo wa Londoni au Sekenke aliyepata nisabu ya dhahabu anadaiwa robo ya ushuri pale pale anapoisafisha, hata kama mrabaha umekwisha kukatwa. Wallahu aalam.